Walinichagua Niwasemee, Nikasimama Nikasifu

Habari zenu wote mnaosoma hapa. Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana nikijulikana nitapoteza hata hiki kidogo nilichobakiza.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, Mkenya wa upande wa Busia. Huu ni mwaka wa kumi na saba niko Kampala. Natengeneza sigiri, yaani majiko ya makaa, na milango ya chuma pale Katwe. Mke wangu ni wa hapa hapa, na watoto wetu watatu wanaongea Luganda kuliko lugha ya babu yao.

Nilipofika mjini sikuwa na kitu. Aliyenipokea ni mzee mmoja Mnubi, hapa nitamwita Mzee Rajabu. Alinipa kona kwenye karakana yake, akaniazima nyundo na mkasi wa bati, akanifundisha kazi bila kunidai chochote. Hata nilipooa, yeye ndiye aliyesimama kama baba yangu.

Sasa ndugu zangu, mnajua hali ilivyo. Umeme wa kuchomelea umepanda, chuma kimepanda, leseni imepanda, na tunatozwa hela ya takataka ambazo hakuna anayekuja kuzizoa. Wateja wanataka sigiri ndogo kabisa kwa sababu makaa wenyewe wanayanunua kwa kikopo. Nyumbani kwangu maharage yanapikwa bila mafuta, na mke wangu anajifanya ni daktari aliyemshauri. Mzee Rajabu alikuwa na mafundi sita. Waliondoka mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake na mashine yake ya kuchomelea.

Basi tukasikia mkubwa mmoja wa serikali atakuja mtaani kwetu kusikiliza wananchi. Mafundi tukakutana tumchague mtu mmoja wa kutusemea. Mzee Rajabu akaninyooshea kidole.

"Huyu Mukenya aongee. Swahili yake iko muzuri. Sisi tutaongea na hasira, tutaharibu. Yeye anajua kupanga maneno."

Wote wakakubali. Nilikaa siku mbili nikiandika. Nikawasomea, wakanisahihisha. Mama anayetuuzia chakula akasema, "Usisahau posho, ssebo. Waambie watu wanakula mara moja kwa siku." Nikaiongeza posho, ndivyo hapa wanavyouita ugali. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama siku zile mbili.

Siku ya mkutano nilifika mapema na shati langu la kanisani. Kijana mmoja mwenye suti alikuwa anapanga wasemaji. Akaniuliza jina, nikamwambia. Akaniangalia.

"Wewe si wa hapa. Unatoka wapi?"

"Kenya, lakini nimekaa hapa miaka mingi."

"Vizuri. Kibali chako cha kazi kiko sawa?"

Nikaikunja karatasi yangu, nikaitia mfukoni. Kibali changu kimeisha tangu mwaka juzi. Nimekifuatilia mpaka nimechoka, kila nikienda naambiwa nirudi wiki ijayo. Yule kijana hakunitisha wala hakupandisha sauti. Alinigusa bega, akasema, "Ongea vizuri tu. Mgeni wetu hapendi kelele."

Nilipoitwa, nikasimama. Niliwaona wenzangu wamekaa mbele, Mzee Rajabu amevaa kanzu na kofia kama siku ya Idi. Nikashika kipaza sauti. Nikafikiria watoto wangu, nikajiona nimepandishwa gari kurudishwa mpakani. Nikasikia mdomo wangu unashukuru. Nilishukuru kwa amani. Nilishukuru kwa barabara. Nikasema changamoto ndogo ndogo zipo kama kila mahali, lakini tunaona juhudi. Karatasi ilibaki mfukoni.

Yule mkubwa akapokea kipaza sauti akicheka. "Mmesikia wenyewe! Fundi wa kawaida, mtu wa jasho, anasema mambo yanaenda. Wanaolalamika ni wavivu." Jioni walituonyesha kwenye televisheni. Mke wangu aliangalia mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama uliogopa, ungesema unaumwa. Wangepata mtu mwingine." Akaingia chumbani.

Kesho yake hakuna fundi aliyenisalimia. Mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Bahasha ilikuwa nene?" Niliapa kwa Mungu kwamba sikupewa hata shilingi. Wakacheka. Mama wa chakula siku hizi ananipakulia bila kuniangalia usoni. Na leseni waliipandisha tena vilevile, kama vile hakukuwa na mkutano.

Mwezi uliopita Mzee Rajabu aliuza mashine yake, akafunga karakana aende kuishi kwa binti yake kule Bombo. Alizunguka kuaga mafundi wote. Nilidhani atanipita. Hakunipita. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nikamweleza yote, habari ya kibali na yule kijana. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi sina hasira na wewe, mwanangu," akasema. "Hata mimi ningeogopa. Lakini mbona hukutuambia? Tungechagua mutu mwingine."

Akaenda. Ni afadhali angenitukana.

Sasa nimebaki na hili. Nikiwaeleza wenzangu ukweli wote, mmoja tu akiropoka mahali pabaya, mimi na familia yangu tumekwisha. Nikinyamaza, nitaendelea kupita katikati yao kila asubuhi kama mtu aliyewauza. Kurudi Busia sina shamba wala nyumba, na mke wangu hataki kusikia. Naendelea kugonga bati kutwa nzima, sijui hata namgongea nani, maana wateja hawaji.

Tafadhali msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Mwenye busara aniambie: mtu akishasema maneno kama yale mbele ya nchi nzima, anaanzia wapi kuyarudisha?