Kitufe Ambacho Wimbo Haukigusi

Asubuhi ile chai ilipoa kwa sababu ya mtahini.

Mtahini mwenyewe alikuwa mwashi mstaafu, amekaa kwenye kiti cha jikoni na mwiko wa saruji mkononi kama hakimu. Mkewe alisimama mbele yake, suruali ya mteja begani, pini mbili mdomoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa nguo ikipita mbele yake pindo likiwa limelegea, aliiita irudi.

"Toa pini kwanza," mume alisema. "Mtahini gani atakuelewa?"

"Uliza swali, mzee. Chai inapoa."

"Jina?"

"Unalijua."

"Mtahini halijui. Jina!"

Alitoa pini, akazichomeka kwenye kola, akataja jina lake lote kwa sauti ya darasani.

"Mtunzi wa wimbo huu ni nani?"

Akajibu. Jibu lilikuwa lilelile la kila asubuhi, neno kwa neno, na mwashi akapiga mwayo wa makusudi.

"Refu mno. Mtahini atasinzia."

"Akisinzia nitamwamsha. Nimengoja kuulizwa tangu nina meno ya utoto, leo wewe unataka nikate?"

Akanywa chai yake baridi, akakaa kwenye cherehani. Mume akatoka kwenda kuziba ufa wa ngazi ya nyuma. Kutoka kule alisikia wimbo ukipigwa kwenye kinanda, mara moja, kisha tena.

"Mwishoni unakimbia!" alipaza sauti, ingawa hakujua nota hata moja.

"Kanda saruji yako!"

Kesho yake Mama Pindo aliamka mkono wa kushoto umekufa ganzi na ulimi mzito. Hospitali walihangaika naye. Hakurudi nyumbani.

Watu waliokuja kumpa mwashi pole walimsifu marehemu kwa mashati na sare alizoshona. Walisema kweli. Ila lile lililokuwa moyoni mwake walikuwa wachache walioliona.

Alikuwa mtoto mwenye akili. Siku ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mama yake aliumwa, na nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga. Akaambiwa abaki. Rafiki yake alirudi jioni akamsimulia: mwalimu alisoma jina lako, kimya, akasoma tena, kimya, akapiga mstari. Mtoto yule mchanga alikua, akawa mdogo wake kipenzi, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika barabarani. Hakulaumiwa hata siku moja. Lakini Mama Pindo alipokuwa akikata kitambaa, wakati mwingine alisimama, mkasi wazi, akasema, "Hivi wangeniuliza nini siku ile?"

Muziki ulimjia uzeeni, kupitia kwenye kazi. Alikwenda kupima majoho ya kwaya kwenye ukumbi wa jirani, waimbaji wakachelewa, naye akagusa piano. Mwalimu wa kinanda, binti wa umri wa watoto wake, alimkuta pale. Badala ya kumfukuza alimwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba. Basi, ikawa hivyo. Mama Pindo akashona majoho, akalipwa sehemu kwa masomo. Akanunua kinanda kidogo cha umeme, kilichokwisha tumika, akakiweka kando ya cherehani.

Mwalimu alipotaja kwamba kuna mtihani wa kinanda, na kwamba yeyote, mkubwa kwa mdogo, anaruhusiwa, Mama Pindo hakulala vizuri.

Mtihani ulikuwa hivi: unapiga wimbo, halafu unamweleza mtahini habari za aliyeutunga. Wimbo aliokuwa ameujua kwa moyo ulikuwa kwenye karatasi iliyonakiliwa mpaka ikachoka. Juu palikuwa na jina moja tu la ukoo. Chini, muhuri uliofifia wa chuo fulani cha ualimu.

"Mama, chagua mtunzi mwingine," mwalimu alimsihi. "Wapo walioandikiwa vitabu. Huyu hayumo popote. Utaanguka bure."

"Kama hayumo popote, huu wimbo umetoka wapi?"

Mdogo wake akamtafuta mtunzi kwenye simu. "Nimempata, dada! Mlinda mlango. Kafungwa mabao manne Jumamosi."

"Huyo siye."

"Basi labda ndiyo maana katunga wimbo wa huzuni."

Walicheka hadi mwashi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Lakini mtunzi hakupatikana. Mama Pindo aliuliza ukumbini, akauliza wazee wa kwaya, akauliza hata muuza vitabu vya zamani. Mkono mtupu.

Kilichomfungulia njia ni kinanda kibovu. Mdogo wake, katika kuchezea tu, alianza kubonyeza vitufe kimoja kimoja kutoka kushoto. Karibu na katikati, kitufe kimoja kikakaa kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Shemeji, mmeuziwa mbuzi kwenye gunia! Hiki kimekufa."

Mwashi akaona aibu, kwani ndiye aliyekikagua siku ya kununua. Alikuwa amekipima kama anavyopima ukuta: akakigonga pembeni, akakitikisa, akaona kimekaza, akatoa hela. Kubonyeza vitufe hakukumpitia akilini. Akafuata bisibisi.

"Acha," mkewe alisema. "Miezi yote hii napiga hapa. Mbona sikujua?"

Akachukua karatasi ya wimbo, akavaa miwani ya kutungia sindano, akaipitia mstari kwa mstari. Nota ya kitufe kile haikuwemo. Hata mara moja.

Jioni akampelekea mwalimu. Mwalimu alipiga wimbo polepole, akarudia, akashika shavu. "Ajabu. Hii nota ndiyo ingefaa kabisa hapa. Na hapa. Wimbo unaifuata, unafika mlangoni kwake, halafu unapita kando."

"Angekuwa fundi nguo," Mama Pindo alisema, "ningejua amefanya nini. Ukiletewa kitambaa kimeungua mahali, hukitupi. Unageuza kiolezo, unakata ukilikwepa tundu. Mvaaji hajui."

"Unadhani piano yake ilikuwa mbovu?"

"Sijui. Ndiyo nataka kumuuliza mtu."

Muhuri uliwapeleka kwenye chuo, chuo kikawaelekeza kwa mwalimu mstaafu aliyesoma pale zamani. Mama Pindo na mumewe walikwenda wote wawili. Mwashi alibeba kinanda begani kama mfuko wa saruji. Mzee yule alikuwa mzito wa masikio, anaishi na redio isiyozimwa. Mama Pindo alimtajia jina la mtunzi kwa kumpigia kelele.

"Sisikii!"

Akarudia.

"Hatukuwa na mwalimu wa jina hilo!"

Mama Pindo alinyong'onyea. Akazima redio bila kuomba ruhusa, akaweka kinanda mezani, akapiga. Haikujulikana mzee alisikia kiasi gani. Aliitazama mikono. Wimbo ulipofika katikati akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

"Bwana Stoo!" alisema. "Huyo alikuwa mtunza stoo wetu! Alitugawia sabuni na chaki. Jioni anafungua piano ya bwalo, anaipangusa kwa leso, anatufundisha kuimba. Ukimpigia makofi anakasirika, anatoka nje."

"Piano ilikuwa nzima?" Mama Pindo aliinama hadi sikioni kwake. "Baba, nisamehe, ilikuwa nzima?"

"Nzima wapi! Panya waliingia, kitufe kimoja kikafa. Tuliomba fundi mpaka tukachoka. Wewe umejuaje?"

Mama Pindo alikaa chini, mikono mapajani. Alipouliza Bwana Stoo alitokea wapi na alihamia wapi, mzee akatikisa kichwa. Alihamishwa, basi. Hakuna aliyeuliza.

Walirudi nyumbani. Mlangoni Mama Pindo akasimama. "Mtu katutungia kitu kizuri hivi, na hakuna aliyeuliza."

Tangu asubuhi iliyofuata, mwiko wa mwashi ukawa wa mtahini, na kila siku jikoni akamuuliza mkewe maswali.

Siku ya mtihani ilifika, naye Mama Pindo yuko kaburini. Mwashi hakuwa na la kufanya kule. Lakini aliamka kabla ya jua akiwaza jambo moja: leo watasoma jina lake. Watasoma, kimya. Watasoma tena, kimya. Watapiga mstari.

Akavaa suruali ambayo mkewe aliipinda upya mara tatu, akaenda.

Ukumbini watoto wa shule walikaa kwenye benchi, wakipiga piano hewani juu ya magoti. Walimtazama mzee mwenye mikono ya saruji. Karani akatoka, akasoma jina.

Mwashi alisimama. "Hayupo," alisema. "Amefariki. Nimekuja kusema hayupo, msije mkadhani amekataa."

Karani hakujua la kufanya, akamwingiza ndani. Mtahini alikuwa mama mtu mzima, shali mabegani, kalamu mkononi. Alisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Pole sana, baba. Lakini siwezi kumpa alama. Utaratibu hauniruhusu."

"Sikuja kuomba alama, mama. Hata yeye hakuzililia sana." Akasogea mezani. "Alitaka aulizwe."

Mtahini akatazama mlango, akatazama saa ya ukutani. Kisha akavuta karatasi iliyokuwa juu ya rundo, aliyoileta Mama Pindo alipojiandikisha, ile iliyochoka kwa kunakiliwa, yenye jina moja la ukoo. Akaisogeza karibu.

"Mtunzi wa wimbo huu ni nani?"

Mwashi akaweka mikono nyuma, kama alivyomwona mkewe akifanya kila asubuhi. Hakupunguza neno la mkewe wala hakuongeza:

"Mtunzi huyu alikuwa mtunza stoo wa chuo. Alizaliwa lini sijui, alikufa lini sijui, na kama bado yu hai namsalimu. Piano yake ilikuwa na kitufe kimoja kilichokufa, naye akautunga wimbo upite kando yake, ili wanafunzi wasione pengo. Hakupenda makofi, kwa hiyo nikimaliza kupiga msinipigie. Hayo ndiyo niliyoyapata. Kama ninyi mna mengine niambieni, maana mimi bado namtafuta."