Nilimwitikia baba yangu "marahaba" mbele ya kamera

Admin, naomba unifichie jina na shule ninayofundisha, maana Kasulu tunajuana. Mimi ni mwalimu, mwanamke wa miaka 31, sijaolewa. Nyumbani ni Kitahana, Kibondo. Baba yangu alitoka Burundi akiwa kijana, akakaa kambini miaka mingi, baadaye akapata uraia. Mimi nimezaliwa hapahapa. Hilo la Burundi sijawahi kulitaja kazini. Nikiulizwa kabila nasema Muha, na maswali yanaishia hapo.

Mwaka huu nilichaguliwa kwenda Dar kushiriki mchezo wa maswali wa runinga. Kwa msioujua, unakaa mbele ya mtangazaji, unaulizwa maswali kumi na mawili, kila moja lina majibu manne. Una misaada mitatu: kuondolewa majibu mawili yasiyo sahihi, kuwauliza watazamaji waliomo ukumbini, na kumpigia simu mtu mmoja uliyemwandikisha mapema. Huyo wa simu mnapewa sekunde thelathini tu, na ukumbi mzima unawasikia.

Mimi nilimwandikisha baba. Hana cheti hata kimoja, lakini redio yake haizimwi, na mambo ya nchi, mito na marais anayajua kuliko walimu wenzangu. Siku ya kurekodi hakwenda shamba. Mama aliniambia tangu asubuhi alikaa nyuma ya nyumba, pale mtandao unaposhika vizuri, simu mkononi, hataki mtu amwongeleshe.

Basi nikaitwa kwenye kiti. Mtangazaji akaniuliza natokea wapi, nikasema Kibondo. Akatabasamu, akasema, "Aha, Kibondo kwa wakimbizi." Watu wakacheka. Ukweli hakikuwa kicheko kibaya, alikuwa anachangamsha tu, lakini mimi kiliniingia. Nikajikuta nasema kwamba sisi ni wenyeji kabisa, babu na babu wa babu. Hakuna aliyeniuliza hayo ya babu, kiherehere changu tu.

Maswali sita ya kwanza nilipita vizuri, misaada miwili nikaitumia. Swali la saba likaja: mto Ruvubu unamwaga maji yake katika mto gani? Huo mto uko Burundi, ndio nyumbani kwa kina baba. Utotoni nilimsikia akiutaja mpaka nikauchoka, ndiyo maana sikuwahi kusikiliza. Nikaomba kupiga simu.

Mtangazaji akasoma jina kwenye karatasi yake, tuseme Mzee Nestori. Akaniuliza, "Huyu mzee ni nani kwako?"

Nikafikiria lafudhi ya baba ikitoka kwenye vile vipaza sauti, na mimi nimetoka kusema ni mwenyeji kabisa. Nikajibu, "Ni mzee mmoja anatusaidiaga vibarua vya shambani." Watu wakacheka tena, eti mwalimu anamtegemea kibarua. Na mimi nikacheka nao.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mafundi wao wanampigia mtu wako mapema na kumweka kwenye laini, awe tayari. Anasubiri zamu yake huku anasikia kila kinachosemwa ukumbini. Baba alisikia yote.

Saa ikaanza kuhesabu. Nikasema, "Haloo, mzee."

Baba yangu mzazi akajibu, "Shikamoo, mwalimu."

Ndugu zangu, aliniamkia. Sauti yake haikuwa na hasira wala kejeli. Alishika nafasi niliyompa ili asiniaibishe. Nilikuwa na sekunde kama ishirini na tano za kusema "baba, usinisalimie hivyo". Sikusema. Nilisema, "Marahaba, mzee," nikaanza kusoma swali mbio.

Hakunisubiri hata nimalize majibu. Akasema ni Kagera. Mtangazaji akamuuliza kama ana uhakika, akasema anao, kisha simu ikakatwa. Jibu lilikuwa sahihi. Niliendelea mpaka swali la kumi nikaamua kuishia hapo, na nilichopata kinatosha kuwajengea wazazi nyumba ya maana.

Nilimpigia nikiwa nimejifungia chooni, nalia. Akaniuliza kama nimeshinda, nikasema ndiyo. Akaniambia nikale. Nikaanza kujieleza, akanikatiza taratibu: "Mwana wanje, mwanangu, hapa nchini nimeitwa mengi. Hilo la kwako sikulitegemea."

Tangu siku hiyo nikipiga simu na kumwamkia, anampa mama simu. Mama hajui kitu, baba hajamwambia. Mimi nasikia aibu mpaka darasani. Watoto wakisimama kuniamkia nashindwa kuwatazama.

Sasa kipindi kinarushwa Jumapili hii. Mkataba niliosaini unasema mshiriki akibainika amedanganya kuhusu yeye mwenyewe au mtu wake wa simu, ushindi wote unafutwa. Nikiwaambia ukweli na kuwaomba wakate kile kipande, nimepoteza nyumba ya wazazi wangu. Nikinyamaza, Kitahana yote itasikia mtoto wa Mzee Nestori akimwita babaye kibarua na kuitikia shikamoo yake.

Na watasikia kweli. Mama amewaalika kwaya nzima na katekista kwenye banda la mpira, wamelipia banda zima waangalie kwa pamoja. Jana alinipigia kwa furaha, akasema, "Baba yako amenyoosha suti yake mwenyewe. Nimemwambia tukae nyuma kuna hewa, amekataa, anasema yeye anakaa mbele."

Nimeshindwa kulala tangu anipe hiyo habari. Niwapigie watu wa runinga? Nimwambie mama kabla ya Jumapili? Au niende nikakae pale mbele pembeni ya baba, wote watutazame? Nitukaneni kwanza kama mnataka, nastahili, lakini mkimaliza nishaurini, nimebakiwa na siku tatu tu.