Kioo Kabla ya Kuoshwa

Mchana nikiinua kichwa kutoka kwenye hadubini naona ukungu hata pale ambapo hakuna ukungu. Miaka mingi nimekaa kwenye kiti hiki hiki cha dirishani, kwa sababu hadubini yetu inategemea mwanga wa jua, na umeme wa hapa Kalemie tunaujua wenyewe. Kazi yangu ni kusoma damu. Tone la mgonjwa linapakwa kwenye kipande cha kioo, linatiwa rangi, kisha mimi natafuta vidudu vya malaria. Ukinisikia nagomba, ujue ni macho.

Kazi hii nilifundishwa na Papa mmoja, mzee aliyekuwa mkuu wa labo, maabara yetu, nilipoanza, mtu wa Moba, mkavu, asiyependa maneno mengi. Hakuwahi kunionyesha kidudu hata kimoja. Alisoma kioo, akaandika jibu kwenye karatasi, akaifunika kwa kiganja. Kisha nami nilisoma na kuandika langu, ndipo tukafunua. Tukitofautiana, tulirudia wote wawili, hata kama wagonjwa wanapiga kelele koridoni. Nilimchukia kweli kwa hilo. Siku moja yeye aliandika hakuna, mimi nikaandika vipo, na vilikuwepo. Aliinuka, akafungua mlango, akamwambia baba wa mgonjwa mbele ya watu wote: "Huyu njo aliona. Miye sikuona." Akarudi kukaa kama mtu aliyetoka kunywa maji tu. Mimi siku hiyo nilifika nyumbani bila kuhisi miguu.

Alipostaafu nilirithi kiti, ufunguo na foleni yake. Mtindo wa kufunika karatasi niliuacha. Tuko wachache, wagonjwa ni wengi, nami nimechoka. Kwa hiyo mwaka huu nilipoletewa mwanafunzi wa staji, wa kujifunza kazi kwetu, mama wa watoto watatu kutoka Niemba, nilimpa beseni. Nikamwambia aoshe vioo nilivyokwisha kusoma, maana ni haba na tunavitumia tena. Nilijiambia nitamfundisha nikipata nafasi, huku nikijua nafasi yenyewe haiji.

Asubuhi moja vipimo vya haraka vilikuwa vimeisha, kila homa ikapita kwenye macho yangu. Mama mmoja alileta mtoto wake mdogo. Nilisoma, nikaandika hakuna malaria, akapewa dawa ya kushusha homa, akaaga kwamba anawahi boti ya kurudi Moba. Saa moja haijapita, mwanafunzi akasimama mbele yangu, mikono inachuruzika maji, ameshika kioo kwa pembe.

"Mama, munisamehe. Hiki sikukiosha. Iko na vidudu."

"Nani alikutuma usome?"

"Hakuna mutu, Mama. Nasomaka vyote mbele ya kuviosha, kwa ile hadubini ya zamani kule nyuma. Nilitaka kujua kama na miye naweza kuona."

Hasira ilinipanda. Niliweka kioo, nikatazama, sikuona kitu. Nikatazama tena. Yeye akanyoosha mkono, akageuza skrubu ya pembeni kidogo tu, na hapo nikaviona: pete ndogo ndogo zenye nukta, nyingi. Niliona aibu, kisha nikaogopa, na woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Mtoto alikuwa njiani kupanda boti, na kutoka hapa hadi Moba ni mbali kwa mtoto mwenye homa asiye na dawa.

Nilipanda pikipiki hadi bandarini. Nashukuru boti zetu haziondoki kwa saa zilizosemwa. Nilimkuta yule mama ameketi juu ya mzigo wake, mtoto mgongoni, kichwa kimelala upande. Nikamwambia arudi, malaria ipo.

"Si mulisema hakuna?"

"Nilirudilia kusoma, mama."

Neno lilitoka lenyewe. Nilirudilia. Njia nzima nilijua si mimi niliyerudia, lakini sikulirudisha. Mtoto alianzishiwa dawa siku ile ile. Mwanafunzi hakuniuliza nilisema nini bandarini. Aliendelea kuosha.

Siku tatu baadaye yule mama, aliyeahirisha safari, alirudi kwa kipimo cha kuhakikisha. Mtoto sasa alikuwa anavuta kila kitu kilichokuwa mezani. Mama akatua mbele yangu mfuko wa ndagala kavu, dagaa wa ziwani, akatangazia foleni nzima kwamba bila mimi angefika Moba na maiti. Watu wakaitikia. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutosha kunyamaza, na nani angejua? Lakini nyuma ya mlango nilisikia maji yameacha kumwagika kwenye beseni.

Nikainuka. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamshika mwanafunzi mkono wake uliolowa, nikamleta mbele ya watu.

"Huyu njo aliona. Miye sikuona. Na kule bandarini nilikuongopea, mama."

Mama wa mtoto alinitazama, akamtazama mwanafunzi. Kisha akaokota mfuko wake wa ndagala kutoka mezani kwangu, akamkabidhi mwanafunzi. Hakuniachia hata dagaa mmoja. Foleni ilicheka, na mimi nilicheka kidogo, ingawa macho yalikuwa yananiuma.

Nikamwambia mwanafunzi akaushe mikono, akae dirishani. Kisha nikaenda kutafuta karatasi mbili.