Siku Mwethya Ilipokwenda Tawa Kukagua Padi za Mama

Nikifungua boksi lenye kitu kipya cha stima na ile harufu ya plastiki ikanipiga puani, narudi moja kwa moja kwenye chumba chetu cha mbele pale Mbumbuni, likizo ya Agosti, nikiwa darasa la tano. Harufu hiyo ilichanganyika na maganda ya machungwa, vumbi la barabarani na jasho la watoto waliobanana kwenye benchi mbele ya televisheni. Mama alikuwa amefungua chumba cha gemu cha kulipia, na likizo nzima nyumba yetu ilipiga kelele kama kanisa siku ya mavuno. Watoto walifika mikono ikiteleza kwa mafuta ya mandazi, na Mama aliwangoja mlangoni na beseni la maji na kipande cha sabuni. Hakuna mkono mchafu ulioruhusiwa kushika padi. Padi ndilo jina tulilovipa vile vidude vya kushika kwa mikono miwili, vyenye vitufe vya kubonyeza na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Tulikuwa na padi mbili, na Mama alikuwa amezishonea vitambaa vya uzi, vyeupe vyenye ukingo wa waridi, kama vile vya makochi. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi.

Mashine yenyewe ilitoka kwa mwethya, kikundi cha akina mama cha kulimiana na kuchangiana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na akina mama wale walijua kuvunja chawa. Kila mmoja zamu yake ikifika alitaja kitu anachotaka, kikundi kikamnunulia, halafu siku iliyopangwa wote wakaja na nyimbo na chai kukiona. Wengine walitaja tangi la maji, wengine mbuzi wa maziwa. Mama akataja gemu. Niliketi nyuma ya kiti chake siku hiyo, nikasikia kikao kizima kikicheka.

"Mama Mwende," mmoja akauliza, "hiyo utaikamua?"

"Nitaikamua," Mama akajibu, "na haitakula majani."

Wakamnunulia. Lakini mwethya ilikuwa na sheria moja isiyojua huruma. Siku ya kuonwa, kitu kisipofanya kazi, kikundi kinakichukua na kukiuza, na mwenye kitu anarudi nyuma kabisa ya foleni kungoja zamu nyingine, labda mpaka meno yamtoke. Kwa hiyo mnaelewa tulivyoogopa padi zilipoanza wazimu siku chache kabla ya wageni kuja. Ulikuwa mchezo wa mpira. Mchezaji akawa anakimbia kushoto peke yake. Unaweka padi chini, unainua mikono juu kama mtu aliyeokoka jana, na yeye bado anakwenda kushoto, mpaka anafika ukingoni mwa uwanja na kusugua pale kama mbuzi anayejikuna ukutani. Tulipuliza padi. Tukazianika juani. Tukakaa tumepinda mwili kulia ili kumvuta, benchi zima limeinama upande mmoja. Wapi!

Mama akazifunga kwenye leso tukashuka Tawa, kwa Bwana Musau, aliyekuwa na duka la redio na televisheni na ndiye aliyetuuzia. Siku ya kununua alikuwa amejipiga kifua mbele yetu: ina waranti ya miezi sita, ikiharibika ni kubadilishiwa tu, hakuna maswali. Sasa alizigeuza zile padi, akashika kitambaa cha uzi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Waranti ipo, mama," akasema, "lakini si ya kitu kilichovaa sweta. Manyoya yameingia ndani."

"Kitambaa kinashika mgongo tu. Vijiti viko nje. Angalia."

"Mmezipasha joto. Hizi zilikuwa nzima zikitoka hapa."

Akufukuzaye hakwambii toka. Bwana Musau alichukua ufagio akaanza kufagia palepale tuliposimama, vumbi likitupanda magotini. Nilidhani Mama atalia, au atampiga na leso. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliziacha padi juu ya kaunta, akamwambia, "Basi zikae kwako mpaka zipone," tukatoka. Tukaanza kupanda mlima. Hapo akasimama ghafla, akajishika kiuno, akacheka peke yake mpaka nikaanza kumwogopa.

Jioni hiyo tulikwenda kwa mwenyekiti wa mwethya, Mama Kasyoka, mke wa shemasi, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Mama alimweleza ukweli wote, kisha akasema, "Kitu changu kiko Tawa. Si sheria inasema mnakwenda kukiona mahali kilipo?" Mama Kasyoka alifikiri, akasonya, akafikiri tena. "Sheria inasema hivyo," akasema. "Lakini kikikataa huko, Mama Mwende, tutakichukua hukohuko. Sitakuonea haya." Mama akakubali. Usiku ule mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Siku ya kuonwa ikafika, nayo ilikuwa siku ya soko. Mama alibeba mashine mgongoni ndani ya kiondo, kamba kwenye paji la uso, na mwethya nzima ikamfuata kwa wimbo, vitambaa vichwani, chupa za chai mikononi. Mmewahi kumsikia mwanamke wa Kikamba akiimba akiwa na hoja? Soko liliacha kununua nyanya likageuka kutazama. Wakaingia dukani wakaketi: juu ya maboksi ya televisheni, juu ya spika, kwenye kizingiti cha mlango, mpaka mteja asipate pa kupita. "Tumekuja kuona kitu cha mwenzetu," Mama Kasyoka akatangaza. "Kiwashe, mwanangu."

Bwana Musau angefanya nini? Akakiwasha. Mama Kasyoka akapewa padi, akaishika kama anayepokea mtoto mchanga.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Kushoto," nikasema.

"Mwambie arudi."

"Hasikii."

"Alaa! Kama mzee wangu!"

Duka likapasuka kwa kicheko, na watu waliosimama nje wakasukumana wapate kuona. Bwana Musau akaanza tena habari za sweta. Mama akamkatiza, "Lete ambayo haijavaa." Alileta mwenyewe, akakata utepe wa boksi mbele ya macho yetu sote, akaichomeka. Mchezaji akasimama kidogo kama anayefikiria, kisha akashika njia. Kushoto! Sauti ya mwanamume ikatoka nje ya mlango: "Musau, na hiyo nayo ilivaa sweta humo kwenye boksi?" Jasho likamtoka, lakini nitampa haki yake: naye alicheka. Akapanda ngazi akashusha katoni nyingine kutoka juu kabisa, akajaribu moja, akatupa kando, akajaribu nyingine, mpaka akapata mbili ambazo mchezaji wake alisimama tuli katikati ya uwanja. Vigelegele vilivyopigwa kwa ajili ya mtu aliyesimama tu sijavisikia tena. "Kitu tumekiona," Mama Kasyoka akasema, na hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho la mwethya. Mashine ni ya Mama. Chai ikamiminwa, Bwana Musau akapewa kikombe kilichojaa, na mwenyekiti akaiombea biashara yake kwa maombi marefu, akimkumbusha Mungu habari za katoni ile ya kwanza.

Sasa mimi ni mama, nimeolewa Ikutha, na nimekasirika, sifichi. Nilimnunulia mwanangu padi kwa simu, kwenye duka ambalo ni picha tu. Ikaja vizuri, ina waranti ndefu kuliko ile ya Musau, na wiki haijaisha mchezaji akashika njia ya kushoto. Nikaandika. Nikajibiwa, "Mteja wetu mpendwa." Nikatuma video. "Mteja wetu mpendwa," wakataka picha ya boksi, na boksi nilishawashia jiko, kwani nani hukaa na boksi? Nikatukana kidogo. Nikashukuriwa kwa maoni yangu. Mnaona ubaya wake? Musau alitufagilia vumbi magotini, lakini alikuwa na magoti yake pia, na uso wa kuona haya. Hawa wana adabu tele na hawana uso. Nimebonyeza nyota moja, nimebonyeza tena, na hakuna aliyetoka jasho.

Nilimpigia Mama simu, Mwaitu wangu mwenyewe, nikamweleza yote, nikifoka mpaka kuku wakatoka uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza duka lao liko wapi, mlango unaangalia upande gani.

"Hawana mlango, Mwaitu. Ni kwa simu tu."

Nikamsikia akiigeuza habari hiyo kichwani.

"Hawana mlango," akasema. "Sasa akina mama watakaa wapi?"