Nilivyojaza Fomu ya Chuo kwa Dakika Tatu

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka naona haya, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo. Muulize mwalimu yeyote wa shule hii. Ni siku ile Mwalimu Mwakio wa hesabu alipoingia darasani mwetu, Fomu Siksi, akiwa amekumbatia bunda la fomu za kuombea chuo.

Ndiyo, nimekuita mwanangu. Wewe uko Fomu Wani, una miaka kumi na minne, nami nina kumi na tisa. Lakini mtu aliyekula maharage ya shule hii miaka sita, mpaka wadudu wake anawajua kwa majina, ana ujana gani uliobaki? Nimechoka, mwanangu. Mitihani imefika mlangoni, macho yananiuma, na kama huamini kwamba mimi ni mzee, njoo unitazame nikitoka kitandani kengele ya alfajiri ikilia. Basi keti nikuambie.

Siku hiyo Mwalimu Mwakio alisema kuna kozi mbili za kompyuta. Ujue kwamba darasani mwetu hapakuwa na aliyewahi kuiona kompyuta. Mimi nilikuwa nimewadanganya wenzangu kwamba niliiona moja katika ofisi ya shamba la mkonge karibu na Mwatate, kumbe ilikuwa mashine ya kujumlishia, ile yenye mkono wa kuvuta. Mwalimu akatueleza polepole, kama mtu anayejua hasikilizwi.

"Sayansi ya Kompyuta ni ya yule anayetaka kujua mashine yenyewe inafikiri vipi, aifundishe kufikiri zaidi. Mifumo ya Habari ni ya yule anayetaka kujua watu wa ofisi, au wa hospitali, wanahitaji kujua nini, lini, na nani amwambie nani. Ndipo mashine iwasaidie. Kwa nje zinafanana. Kwa ndani haziko sawa. Andikeni moja iwe ya kwanza."

Jirani yangu wa dawati ni Wafula. Baba yake ni fundi wa reli pale Voi. Walihamia huku kutoka Bungoma Wafula akiwa bado ananyonya. Akanikanyaga mguu.

"Hiyo ya pili ni ya makarani," akaninong'oneza. "Wewe profesa mzima utaenda kupanga mafaili?"

"Mafaili? Mimi?" nikasema. "Lete kalamu."

Nikaandika Sayansi ya Kompyuta, chaguo la kwanza, kwa wino, nikapiga na mstari chini yake kama waziri anayetia sahihi. Chaguo la pili nikaandika Ualimu, kujaza nafasi tu. Dakika tatu. Zilizobaki nilizitumia kuwacheka waliokuwa bado wanafikiri.

Mwalimu alipokusanya fomu alisema, "Mnaenda nyumbani likizo fupi. Waulizeni wazee wenu. Anayetaka kubadilisha aje kwangu Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Saa sita nazipeleka posta." Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini mimi wakati huo sikuwa na la kuuliza. Nilikuwa na majibu mengi kuliko maswali ya dunia.

Kwetu ni Werugha. Tuna mfereji unaotoka kwenye chemchemi juu ya kijiji, unashuka ukipita mashamba ya ngazi ya nyumba kumi na moja. Kiangazi kikiingia maji yanapungua, kwa hiyo yanakwenda kwa zamu: wewe unafungua upande wako, wenzako wameziba kwa udongo na magome ya mgomba. Mshika zamu ni babu yangu. Haandiki popote. Likizo ile goti lilikuwa limemvimba, hawezi kupanda mlima, akaniambia, "Mjukuu wangu, nishikie zamu mpaka utakaporudi shule."

Nani, mimi? Mwanafunzi wa hesabu? Nilipima kila shamba kwa hatua za miguu, nikagawa saa za wiki kwa ukubwa wa shamba, nikachora ratiba kwa rula, nikaigongomea mlangoni pa duka ambapo kila mtu hupita. Hesabu ilitoka safi, hata dakika moja haikubaki. Nililala nikijipongeza.

Kesho yake asubuhi Mama Wakesho alinifuata na jembe begani. Yeye hupanda kabichi na kuziteremsha Mwatate.

"Wewe kijana wa shule! Zamu yangu umeiweka siku ya soko. Kabichi zijimwagilie zenyewe?"

"Mama, nimegawa kwa haki, kwa ukubwa wa sha..."

"Ukubwa wa shamba ndio utakaouza kabichi Mwatate? Hebu niondokee!"

Huyo nilimcheka kidogo moyoni. Wa pili sikumcheka. Mghoi ni mjane, shamba lake ni dogo kuliko yote, kwa hiyo ratiba yangu ilimpa zamu ya mwisho, siku ya saba. Sikujua kwamba alikuwa amepanda miche ya nyanya juzi yake. Na desturi ya mfereji ule, ambayo kila mtoto wa kijiji anaijua isipokuwa yule anayeshinda shule ya bweni, ni kwamba miche mipya hunyweshwa kila jioni, hata zamu iwe ya nani. Lakini watu walikuwa wameona karatasi, tena imeandikwa na msomi, wakaziba. Mghoi hakupiga kelele. Alinipeleka tu mpaka shambani kwake, akanionyesha miche imelala chini. Akasema, "Hii ndiyo karo ya mtoto." Akaondoka kwenda kuteka maji kwa ndoo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilikuwa zima, ila uso nilikosa pa kuuweka. Nikaenda kwa babu. Alikuwa amekaa zizini, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akizungumza na ng'ombe.

"Ratiba yako ina kosa la hesabu?" akaniuliza.

"Hapana, babu."

"Nilijua. Shule tumekulipia. Sasa niambie, Mghoi alipanda lini? Mama Wakesho hushuka soko siku gani? Ni nyumba gani wana matanga wiki hii?"

Nikainama, nikamwongezea maji kwenye beseni.

"Umepima udongo wote, watu hukuwauliza. Nenda nyumba zote kumi na moja. Usiwafundishe chochote. Sikiliza. Na chakula cha hapa usikiguse mpaka umalize."

Mwanangu, nilikwenda. Siku moja na nusu, nyumba kwa nyumba, chai juu ya chai. Mzee mmoja alinieleza habari za ng'ombe wake kwa saa mbili, na katika dakika ya mwisho kabisa ndipo akasema kwamba yeye asubuhi hahitaji maji, ni vile tu hakuna aliyewahi kumwuliza. Hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu: sikuwa nimechoka. Mimi, ambaye husinzia hata nikipigiwa kelele, nilikuwa natembea mlima huo nikiwaza, huyu akibadilishana na yule, na mtoto wa huyu akienda shule ampitie yule amwambie maji yanakuja, basi hakuna atakayekosa. Nikaing'oa ratiba yangu mlangoni pa duka. Zamu mpya nikazipeleka kwa mdomo, nikihakikisha kila mmoja anajua wa kumwambia anayemfuata. Miche ya Mghoi ilisimama karibu nusu. Nusu nyingine ilikufa, na kosa hilo ni langu.

Jumapili kanisani, katikati ya mahubiri, maneno ya Mwalimu Mwakio yakanijia: wanahitaji kujua nini, lini, na nani amwambie nani. Nikataka kusimama nipige kelele. Ile kozi niliyoiita ya mafaili ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya tangu Ijumaa, na hakuna kazi nyingine maishani iliyowahi kunifanya nisisikie njaa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye ujinga wenyewe. Jumatatu nilipaswa kuondoka alfajiri. Lakini Mama Wakesho alikuja na kimanga, ule muhogo uliopondwa na maharage, na maziwa, akisema, "Kumbe una akili, mtoto wa watu!" Jirani akaja, na mwingine. Nikaketi. Nikasifiwa, nikala, nikasimulia, nikasifiwa tena. Kipya kinyemi. Nilipoteremka Mwatate jua lilikuwa limepanda, na nilipoingia langoni mwa shule hii, Mwalimu Mwakio alikuwa ameketi, na mezani pake hapakuwa na fomu hata moja.

"Mwalimu, nataka kubadilisha chaguo la kwanza."

"Nilisema saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na sasa?"

Nikatazama saa yake ya mkononi, labda ingenihurumia. "Saa kumi, mwalimu."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasifiwa."

Hakucheka. Mwalimu Mwakio hucheka vichekesho vyangu vyote, hata vile vibaya, na siku hiyo hakucheka. Nikajua mambo yameharibika. Alinipa karatasi niandike barua ya kuomba wanibadilishie. Niliiandika, akaipeleka. Ni miezi mitatu sasa, hakuna jibu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo hivi unavyoniona nakesha na hesabu, natafuta alama za kuingilia kozi niliyoichagua ili Wafula asinicheke. Na Wafula? Yeye yuko sawa kabisa. Ameshafungua redio ya baba yake mara nne kujua sauti inatoka wapi, na akilala anaota waya. Kwake Sayansi ya Kompyuta ni nyumbani. Nikipita nitasoma, sitalia. Lakini nitaingia kama mgeni katika nyumba niliyobisha hodi kwa majivuno.

Basi nasaha yangu ni hii, na haina mapambo. Usimwulize mtu kozi ipi ni kubwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jiulize ni kazi gani ukiifanya husikii njaa. Hujui? Ifanye kwanza, hata kwa siku mbili, hata kwa mikono mitupu, ndipo uandike. Anayekucheka leo hatakaa darasani badala yako miaka mitatu. Na ukigundua umekosea, inuka saa hiyo hiyo. Sifa zitakungoja, posta haingoji.

Mungu akupe mkono mzito unapojaza fomu, na miguu myepesi unapokwenda kuibadilisha. Akupe wazee wa kukukemea mapema, na masikio ya kuwasikia. Uende salama, mwanangu.