Kasia Dhaifu Linakaa Mbele

Nakumbuka siku moja ziwa lilikuwa limelala kimya kama maziwa ndani ya sahani, na mimi nilikuwa na kichwa kikubwa kuliko mutumbwi. Tulia, mujukuu wangu Furaha, koko wako nikuambie. Najua hautulii. Tangu walipokuchagua kuwa shefu wa ekip, kiongozi wa kundi lenu, kwa ile safari ya masomo ya kushindana kwa mitumbwi, unaruka ndani ya nyumba kama samaki sambaza kwenye mafuta. Na mimi nafurahi! Nimetangaza kwa majirani wote, hata kwa yule jirani tusiyesalimiana. Lakini jana nilikusikia ukimuambia rafiki yako kwa simu: "Huyu Aline ni muzito, atatufanya tushindwe. Nitamuomba mwalimu amuhamishe." Kwa sababu ya neno lile, mimi mutu niliyeishia darasa la tatu primaire nimeshika kalamu ya bic nikuandikie.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu alitutoa darasani akatupeleka Kituku, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, akatugawa mitumbwi miwili, watoto sita kila mumoja, na muvuvi muzee nyuma wa kuongoza. Tulipaswa kwenda mpaka kule mawe meusi yanapoingia majini, kila ekip iokote jiwe, turudi. Watakaofika kwanza watakula sambaza za kukaanga, wengine wakiwatazama. Mwanangu, tulipiga kelele mpaka ndege wakahama!

Unajua wavuvi wetu wanapiga kasia kwa wimbo. Anayeimba ndiye anayeshika mikono ya wote. Mwalimu aliuliza: "Nani ana sauti?" Vidole vyote vikaja kwangu. Nilihisi nimekuwa mutu.

Muzee wetu aliitwa Papa Bahati. Alimuchukua Kavira, musichana mwembamba aliyekuwa ametoka homa wiki ile, akamuweka mbele kabisa.

"Papa," nikasema, "huyu hata sahani hawezi kuinua. Mbele atatutia haya."

"Kasia dhaifu linakaa mbele," akajibu. "Wote walione. Wimbo ufuate lile."

"Basi tutafika mwaka kesho!"

"Wewe binti," akasema, "Mungu alikupa koo, masikio akasahau."

Wote wakacheka. Mimi nikanuna, lakini kwenda niliimba namna alivyotaka. Na nikuambie ukweli, tulienda vizuri. Makasia sita yaliingia majini pamoja, chwa! chwa! kama mutu mumoja anakunywa uji. Lakini wale wengine walitutangulia, na tulipofika kwenye mawe, wao walikuwa wanageuka tayari, wakituonyesha jiwe lao. Kijana mumoja akatuita "konokono wa Kituku."

Hapo moyo wangu ukaharibika. Papa Bahati alikuwa ameshuka kututafutia jiwe. Nikanong'ona: "Kavira, toka hapo, nenda mwisho." Akanitazama, akahama. Papa Bahati aliporudi alimuona pale karibu na magoti yake, akatikisa kichwa. Akashika kasia lake. Kuna wazee wanaokuacha uonje.

Nikaimba, mwanangu! Nikaimba kama nyumba inawaka moto. Mutumbwi ukaruka, maji yakatupiga usoni, tukawakaribia wale waliotuita konokono. Nikaongeza. Tukawafikia! Nikaongeza tena. Halafu nikasikia Papa Bahati anapaza sauti: "Acheni!"

Kasia la Kavira lilikuwa limemutoka, akainama kulifuata, ziwa likamumeza. Niliona kitambaa chake cha kichwa tu, chekundu, juu ya maji. Papa Bahati akanyoosha kasia lake refu, akaliweka pale, akangoja. Mukono ukatoka, ukalishika. Tukamuvuta kwa mikono watoto wote sita, na muzee wa saba... hapana, sisi tulikuwa watano. Unaona, hata leo nikikumbuka nakosea. Namuhesabu kana kwamba hakuanguka.

Kavira alitapika maji, akapumua, akanitazama mimi. "Nilikuita mara tatu," akasema. "Wimbo wako ulikuwa na kelele."

Nilitaka mutumbwi upasuke nizame mimi. Papa Bahati alimufunika na koti lake, akamurudisha mbele, akaniambia neno moja tu: "Umeimba vizuri, binti. Ulikuwa unamuimbia nani?"

Sikuimba tena. Basi unajua nani alianza wimbo? Kavira. Alitetemeka, lakini alianza, polepole, na sisi tukaitikia. Tuliingia Kituku wa mwisho, wale wengine wana mafuta ya sambaza mpaka kwenye masikio. Lakini mama wa sokoni walisikia ule wimbo umenyooka, wakapiga vigelegele, wakaja wakicheza mpaka majini kutupokea. Mpaka leo sijawahi kupata ushindi mutamu kama ule wa kushindwa.

Basi sikia, Furaha. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kidole kidogo ni kidole pia. Usimuhamishe Aline. Muweke mbele, macho yako yamuone, mwendo wake uwe mwendo wenu. Akichoka, ujue wewe kabla hajakuita. Shefu si yule anayesikika sana. Ni yule anayesikia. Na muzee atakayeongoza mutumbwi wenu akikuambia neno, usimujibu kama koko wako alivyojibu. Asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu. Mimi nusura nivunje wa mwenzangu. Na mufunge majile yenu ya kuelea vizuri, sisi hatukuwa nayo.

Jumamosi nitakuja Kituku na fimbo yangu na kitenge changu kipya. Usidhani nitaangalia mutumbwi gani unafika kwanza. Nitahesabu vichwa. Nikikuta vyote, nitapiga vigelegele mpaka watu wa Munigi kule mbali wasikie, na sambaza za kukaanga nitaleta mimi mwenyewe, za ekip nzima, wa kwanza kuonja Aline.

Nenda, mutoto wa mutoto wangu. Mungu alainishe maji mbele yako, akupe koo, na masikio asisahau.