Mwizi wa Karafuu Hakurudi Kijijini

Siku ile Msimamizi wa jukwaa aliponiandikia kwamba nimrudishe mchezoni mtu aliyekwisha kutolewa, naikumbuka vizuri, mwanangu, hata harufu ya dizeli ya malori yaliyopanga foleni nje ya dirisha. Nilikuwa binti bado, karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha pale Horohoro, mpakani. Kazi yetu ilikuwa ya kungoja. Dereva angoje mhuri, mimi ningoje dereva. Tajiri wangu aliniruhusu kuitumia kompyuta ya ofisi saa za mapumziko, nami katika kungoja huko nikaingia jukwaa moja la mtandaoni, la watu wa mwambao, ambako watu wa Tanga na Pemba na Mombasa, na wengine waliotawanyika mbali na kwao, waliandikiana habari, mashairi na ugomvi.

Juzi umeniambia kuwa nawe umepewa ukumbi wa michezo katika jukwaa lenu, na kwamba wakubwa wameanza kukuelekeza nani ashinde. Umeniambia pia mama yako kasema, "Mchezo tu huo, wa nini kugombana na watu?" Mama yako namheshimu, lakini hili nampinga, na akitaka nitampinga mbele yake. Keti nikueleze kwa nini.

Mchezo wangu niliuita Mwizi wa Karafuu. Baba yangu alikuwa Mpemba aliyehamia Tanga na biashara zake, na likizo zetu za utoto tulizimalizia kwa babu, tukigeuza karafuu zilizoanikwa juani juu ya mikeka. Ndiko nilikokitoa kijiji changu. Wachezaji wote walikuwa wanakijiji, ila wachache niliwaandikia kwa siri, kila mmoja peke yake, kwamba wao ni wezi. Wezi walijuana, wanakijiji hawakumjua nani ni nani. Kila jioni wezi waliniambia kwa siri mkeka wa nani wauibe, na aliyeibiwa alitoka mchezoni. Asubuhi mimi, Mwenye Kijiji, hutangaza aliyeibiwa, kisha kijiji kizima hubishana mchana kutwa na kupiga kura kumfukuza wanayemshuku. Wezi wakifukuzwa wote, kijiji kimeshinda. Wezi wakilingana kwa idadi na wanakijiji waliosalia, kijiji kimekwisha.

Mchezo wa namna hii, mwanangu, haukai kwa sheria peke yake. Sheria niliziandika fupi, na nikazitangaza kabla mtu hajaingia, kila mchezaji akaandika kwa mkono wake, "Nimekubali." Lakini jasho langu lilikuwa kwenye hadithi za asubuhi. Anayetolewa ndiye anayeumia, basi yeye nilimpamba kuliko wote: namna mkeka wake ulivyokutwa mtupu, jogoo wake alivyokataa kuwika, mke mwenza alivyocheka chinichini. Watu walifikia kuniambia wanatamani kuibiwa ili niwaandike. Na waliotoka sikuwaacha wakae kama watu waliofiwa. Niliwafungulia chumba chao, nikakiita Kisiwani, wakae humo watazame na kuteta, maadamu hawapelekei neno walio hai. Mcheza kwao hutunzwa. Ukimkaribisha mtu mchezoni kwako, mtunze mpaka baada ya kushindwa kwake.

Sasa, palikuwa na mtu akijiita Nahodha. Huyu alikuwa jina kubwa jukwaani, mtunzi, mcheshi, rafiki wa Msimamizi tangu jukwaa lilipoanzishwa. Akiandika neno, watu humfuata. Katika mchezo wangu alikuwa mwizi, na alikuwa mwizi hodari, akiwageuza wanakijiji kama chapati juu ya tawa. Na palikuwa na mgeni wa kike, hakuna aliyemjua, akijiita Tui la Nazi. Baadaye nilikuja kufahamu kuwa ni mama kijana wa Muheza, anasoma jukwaa huku mtoto amelala mapajani. Huyu hakusema sana. Alisoma.

Asubuhi moja malori yalinizidi, nikachelewa kutangaza. Nahodha hakuwa mtu wa kusubiri. Kabla sijaandika hata herufi, yeye akaandika, "Masikini Bi Tatu, na leo mkeka wake umekwenda."

Tui la Nazi akauliza, kwa adabu kabisa, "Bwana Nahodha, Mwenye Kijiji hajatangaza. Wewe umejuaje kama ni Bi Tatu?"

Nahodha alijaribu kucheka, akajaribu kusema alikisia, akajaribu kukasirika. Njia ya mwongo ni fupi. Mpaka alasiri kura zilikuwa zimeshamwelemea, akafukuzwa kijijini, nami nikamwandikia kuondoka kwake kwa uzuri niliouweza, kuliko nilivyomwandikia yeyote. Nilidhani atafurahi.

Kesho yake akaandika hadharani kwamba Tui la Nazi alipewa siri na mimi. Kwamba wanawake wawili wamemfanyia njama. Saa ya chakula, ukanijia ujumbe wa Msimamizi: nitangaze kwamba palitokea kosa, Nahodha arudi, Tui la Nazi atolewe, na yaishe. Akamalizia, "Ni mchezo tu, dada. Usiwe mgumu."

Maneno yale yale ya mama yako, unaona.

Sikumjibu siku ile. Ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa nilikuwa na ruhusa, nikaenda nyumbani Tanga. Baada ya sala baba alikaa ukumbini na chai yake na mkate wa kumimina. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniona uso.

"Una nini, Zuhura?"

Nikamweleza yote. Kompyuta hakuijua baba, lakini karafuu, wizi na majungu alivijua vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama walivyozoea kusema watu wa rika lake, "Mkono usioweza kuukata, ubusu. Jukwaa ni lake. Mwenye nguvu mpishe."

Mwanangu, sikuwahi kumpinga baba yangu kabla ya hapo. Nikamwambia, "Baba, mimi sijataka kuukata mkono wa mtu. Yeye ndiye anautaka mkono wangu, niandike nao uongo. Na yule dada nikimtoa, watu wote watamwita mwizi wa siri, hali alichofanya ni kusoma."

Akaweka kikombe. "Sheria ulizitangaza kabla?"

"Nilizitangaza."

"Na huyo bwana alikuwapo?"

"Alikuwapo. Aliandika amekubali."

Akamega mkate, akautafuna polepole. "Basi asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema. "Usiubusu. Ila ujue watakufungia mlango, na usije ukanililia hapa."

Nikamwambia sitalia.

Jumatatu niliporudi kazini niliandika jibu langu hadharani, kwa sababu tuhuma nazo zilikuwa za hadharani. Niliandika hivi: mchezo hauna kosa, aliyefukuzwa kafukuzwa kwa sheria aliyoikubali, siri sikumpa mtu, na neno lililomponza Nahodha ni lake mwenyewe, liko pale kila mwenye macho alisome, Tui la Nazi hatoki, na Nahodha harudi. Sikumtukana. Ukiwa na haki, mwanangu, matusi yanakupunguzia.

Kufika saa ya kufunga ofisi, ukumbi wangu ulikuwa umefungwa. Jina langu nikaliandika, siri yangu ya kuingilia nikaiandika, jukwaa likanikataa. Hadithi zangu zote za asubuhi, za tangu mwanzo wa mchezo, zilikuwa humo ndani. Niliumia, sikufichi. Niliyatazama malori kwa muda mrefu. Lakini sikulia, na lau ningeulizwa tena siku ile ile, ningeandika yale yale.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tui la Nazi aliipata anwani yangu kwa mchezaji mwenzetu, akaniandikia, "Dada, kijiji bado kina wezi. Tunachezea wapi?" Palikuwa na kijana mmoja anayeishi Amani, msituni juu huko, naye alikuwa na jukwaa lake dogo la wapenda miti na vyura, wanachama wake wa kuhesabika. Alikuwa mmoja wa walioibiwa mapema, yuko Kisiwani. Akasema kona ipo, mradi tusiwatishe vyura wake. Tukahamia huko, na Kisiwani nako. Hawakuja wote, waliompenda Nahodha walibaki naye, na wengine walichoka tu. Tuliobaki tulimaliza mchezo katikati ya mazungumzo ya mizizi na majani.

Na wezi wakashinda. Naam, wanakijiji walichanganyikiwa, wakamfukuza Tui la Nazi mwenyewe, asiye na hatia, na mwizi wa mwisho akalala na karafuu zote. Ningeweza kumwokoa yule dada. Nilikuwa nampenda, na siri zote nilikuwa nazo. Nikanyamaza, nikazihesabu kura zake kama zilivyokuja, nikamwandikia kuondoka kwake. Alinijibu kutoka Kisiwani, "Sasa ndiyo wamejua kwamba hukunipendelea."

Nahodha hajaniomba radhi mpaka leo, wala sikumngoja.

Basi nasaha yangu ni hii, na watakaoudhika waudhike. Mwenye mchezo hachezi. Ukishika siri za watu, hushiki upande wa mtu, awe rafiki yako, awe mkubwa wako, awe yule unayemwona ameonewa na dunia. Sheria ziandike mapema, zieleweke hata kwa mgeni, na zikishakubaliwa zikufunge wewe kwanza. Anayetoka mheshimu kuliko anayebaki. Aliyechelewa kwa kukosa umeme mngoje, asiyetokea tena mtafutie mbadala, mchezo usife kwa ajili ya mtu mmoja. Na akija mwenye funguo za jukwaa akakwambia uupinde mchezo kidogo tu, mwambie hapana kwa adabu, mbele ya watu, kisha umwachie funguo zake. Funguo ni zake. Kijiji ni cha waliokiamini.

Watakwambia ni mchezo tu. Waulize, kama ni mchezo tu, mbona wao hawawezi kushindwa?

Mola akupe ulimi mpole na shingo ngumu, mwanangu. Akupe wachezaji wasomao kabla ya kunena, na mlango ukifungwa, akupe wa kukuuliza, "Tunachezea wapi?" Nenda, baraka zangu ziko nawe.